Viwanja vya Qingdao: Mjerumani alivyowabana walanguzi wa ardhi, na bili akamwachia nani

Ukimtajia mtu Qingdao, mji wa bandari wa China, atakwambia bia, na hajakosea, kiwanda kile kilianzishwa 1903 na wafanyabiashara wa Kijerumani na Kiingereza na mpaka leo kinauza dunia nzima. Mimi kwenye huo mji kinachonivutia ni viwanja. Kwa miaka 16 hivi Wajerumani waliendesha pale sheria ya ardhi ambayo hata wao nyumbani kwao walishindwa kuiendesha, na bado kuna watu wanaisifia kama ndo dawa ya ulanguzi wa ardhi. Mi naona ilifanya kazi kweli, ila sio kwa sababu ile inayosifiwa.

Twende na kisa. Usiku wa tarehe 1 Novemba 1897 wamisionari wawili wakatoliki wa Kijerumani, Henle na Nies, waliuawa kijijini kule Juye, mkoa wa Shandong. Msiba ni msiba, lakini Berlin walikuwa wameshaanza kuitafuta bandari ya kwao China muda mrefu kabla ya hapo, mwanajiolojia Richthofen alishaisifia ghuba ya Jiaozhou, ile ya Qingdao, kwenye maandishi yake, na mapema mwaka huo huo wa 1897 mhandisi wa bandari anaitwa Franzius alishatumwa kupima kina cha maji na kuangalia kama panafaa. Kwahiyo habari ya mauaji ilipofika kwa Kaiser, mfalme wa Ujerumani, ilimkuta keshajiandaa, kilichokuwa kimebaki ni kisingizio tu. Tarehe 14 Novemba Admirali Diederichs akashusha askari kama 700 pale Qingdao, jenerali wa Kichina Zhang Gaoyuan akapewa masaa ya kuhesabu afungashe na watu wake, na hakuna risasi iliyopigwa. Tarehe 6 Machi 1898 mkataba ukasainiwa: China inakodisha eneo kwa miaka 99, nchi kavu kama kilomita za mraba 552, na juu yake ruhusa ya reli na migodi ndani ya Shandong. Kuita hiyo kukodisha ni heshima tu, maana mwenye nyumba hakupewa nafasi ya kukataa mpangaji.

Sasa weka upande siasa kubwa, angalia ardhi. Kabla ya hapo Qingdao ilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima kikiwa na soko dogo, hekalu la Tianhou, yule mungu mke wa bahari, na kambi ya jeshi. Mkulima pale ana mashamba yake ya urithi, vipande vidogo vidogo vimekatwa katwa, analipa kodi ya ardhi kwa serikali ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China, na maisha yanaenda. Halafu ghafla dunia nzima inajua kwamba hapa panajengwa bandari kubwa, reli inaanzia hapa, mji mzima unakuja. Yeyote aliyeona Shanghai ilivyokuwa anajua kinachofuata. Wenye hela na wenye taarifa za ndani wanawahi, wananunua kwa mkulima kwa bei ya shamba la viazi, wanakaa miaka miwili mitatu bila kujenga hata kibanda, halafu serikali ikitaka kupitisha barabara au kujenga ghati inawakuta wao ndo wenye mali na bei ni ya mjini. Anayejenga bandari ni mwingine na anayevuna ni mwingine.

Diederichs hilo alilijua, au aliambiwa na watu waliolijua, maana katika tangazo lake la mwanzo kabisa, siku ile ile ya kushuka, alipiga marufuku kuuza ardhi bila kibali cha gavana. Mimi nadhani hapo ndo penye mchezo wote. Sheria yenyewe ya ardhi ilikuja karibu miezi kumi baadaye, tarehe 2 Septemba 1898, lakini soko lilikuwa limeshafungwa tangu saa ya kwanza, kabla dalali hajafika na kabla mkulima hajajua shamba lake limegeuka dhahabu.

Aliyesuka mpango anaitwa Wilhelm Schrameier. Alikuwa mkalimani kwenye ofisi za ubalozi mdogo wa Ujerumani huko China, Kichina anakijua vizuri, na kule Qingdao akapewa kazi ya kamishna wa mambo ya Wachina. Akazunguka na watu wake vijijini kufanya mazungumzo na wenye mashamba, na mapatano yalikuwa hivi: wewe mkulima unapokea malipo sawa na kodi ya ardhi unayolipa kwa mwaka mara mbili, na kwa malipo hayo unakubali kwamba siku ukiuza utaiuzia serikali ya Kijerumani peke yake, na kwa bei iliyokuwepo kabla hawajaja. Unaendelea kulima mpaka siku watakapokihitaji kiwanja. Hebu isome tena taratibu. Kwa hela ndogo, kodi ya miaka miwili tu, mtu amesaini kwamba chochote kitakachoongezeka kwenye ardhi yake kuanzia hapo sio chake. Na mazungumzo yenyewe yanafanyika manowari zikiwa zimetia nanga hapo hapo ghubani, sijui ni mzee gani wa kijiji angegoma.

Baada ya hapo serikali inachukua eneo inalolihitaji, inalipa bei ya zamani, inapima, inachora barabara na mifereji, inatenga ya kwake ya bandari na kambi, na vinavyobaki inavipiga mnada. Mnada wa kwanza ulifanyika Oktoba 1898. Na ukinunua mnadani hujamaliza, ndo umeanza.

Kwanza unatakiwa useme unataka kujenga nini, na unapewa muda wa kujenga. Ukikaa na pori mjini unabanwa, na baadaye walibadili ikawa asiyejenga anapandishiwa kodi hatua kwa hatua. Pili, kila mwaka unalipa asilimia 6 ya thamani ya ardhi, ardhi tupu, sio nyumba. Umejenga ghorofa tatu au umeweka banda la kuku kodi ni ile ile. Tatu, ukiuza kwa faida, theluthi moja ya faida ya ardhi inaenda serikalini baada ya kutoa gharama za ulichojenga. Na kwa wale wanaokaa bila kuuza kabisa, taasisi na makampuni yasiyokufa, kuliwekwa kwamba baada ya miaka 25 kiwanja kinathaminiwa upya na theluthi ya ongezeko inadaiwa hivyo hivyo.

Tuweke namba za kubuni ili ieleweke, kwa dola ya fedha ya Mexico ambayo ndo ilikuwa hela ya pwani yote ya China. Umenunua kiwanja mnadani kwa dola 1,000, kila mwaka unatoa 60. Ukikaa nacho miaka mitano bila kufanya kitu umeshalipa 300 kwa ajili ya kuangalia majani. Sasa unauza ardhi hiyo kwa 2,500, faida 1,500, serikali inachukua 500. Mjanja atasema basi mimi nitaandika nimeuza 1,300, tofauti tunapeana pembeni na mnunuzi. Hapo ndo Schrameier alipomtegea. Kila mauzo lazima utaje bei serikalini kwanza, na serikali ina haki ya kukinunua kwa bei hiyo hiyo uliyoitaja. Umesema 1,300? Haya, hizi hapa 1,300, lete hati. Hakuna haja ya mkaguzi wala mthamini wa kubishana naye, uongo wako wenyewe ndo unakunyang'anya kiwanja. Kwa kweli kwenye sheria za kodi nilizowahi kuzisoma hiki ni moja ya vipengele vitamu zaidi, na mtu yeyote aliyewahi kuona mkataba wa mauziano wenye bei mbili, moja ya mfukoni na moja ya kupeleka mamlaka ya mapato, atanielewa.

Matokeo? Ulanguzi ule wa Shanghai haukutokea. Mji ukajengwa kwa mpango, mitaa mipana, maji ya bomba, mifereji ya maji taka, miti ikapandwa milimani ambako palikuwa pakavu, reli ya kwenda Jinan ikafika 1904, karibu kilomita 400. Wanamageuzi wa ardhi wa Ujerumani, wale wa Adolf Damaschke, wakaishika Qingdao kama ushahidi wao, Schrameier akawa shujaa wao, wakasema mnaona, ukitoza ardhi tupu na ukachukua sehemu ya faida ambayo mwenye kiwanja hakuitolea jasho, mji unakua bila walanguzi.

Ila angalia hesabu. Ile theluthi ya faida, kipengele chenye jina kubwa, iliingiza hela kidogo sana, kwa sababu rahisi tu kwamba watu walikuwa hawauziani viwanja kivile. Na ardhi kwa ujumla haikuwahi kuutunza mji. Kwa miaka yote ile Berlin ilimwaga ruzuku, jumla inatajwa kama maki milioni 200, na ndo iliyojenga bandari, ngome, hospitali na shule. Wafanyabiashara wa Kijerumani wenyewe walikuwa wanalalamika kwamba asilimia 6 ni kukamuana na kwamba gavana ni mwanajeshi asiyejua biashara. Kwahiyo mtu akikwambia Qingdao ilijiendesha kwa kodi ya ardhi mkatalie. Kodi iliwafukuza walanguzi, mji ulilipiwa na mlipakodi wa Ujerumani.

Na cha pili, kilichofanya kazi nzito sio kodi, ni lile tangazo la siku ya kwanza na yale mapatano ya vijijini. Ukiwa umeshafunga soko bei ikiwa chini, umenunua kila kitu kwa bei ya chini, halafu ndo unauza wewe mwenyewe kwa masharti yako, ongezeko kubwa kabisa la thamani, lile la kutoka shamba kuwa kiwanja cha mjini, limeshaingia mfukoni mwa serikali kabla kodi ya theluthi haijaanza kuhesabiwa. Aliyelikosa ongezeko hilo ni mkulima. Mlanguzi alizuiwa kumpunja mkulima, sawa, lakini serikali ikakaa kwenye kiti cha mlanguzi na ikanunua kwa bei ambayo mlanguzi angeshukuru kuipata. Tofauti ni kwamba faida ilienda kwenye barabara na mifereji na sio kwenye jumba la tajiri, na mimi sidharau hilo, ni tofauti kubwa. Ila barabara na mifereji ya nani?

Kijiji cha Qingdao kilibomolewa. Hekalu la Tianhou liliachwa na lipo mpaka leo, nyumba za watu zikaondoka. Eneo la mbele linalotazama bahari likawa la Wazungu, na sheria ya mwaka 1900 kuhusu Wachina ikasema Mchina haishi huko isipokuwa mtumishi. Wafanyabiashara wa Kichina wakawekwa Dabaodao, ng'ambo ya kilima kidogo, nyumba zimebanana zaidi na viwango vya ujenzi ni vingine. Vibarua na waliohamishwa wakapelekwa Taidongzhen na Taixizhen, mitaa ya kupimwa kwa rula nje ya mji. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, tauni na homa ya matumbo, na kweli gavana Jaeschke mwenyewe alikufa kwa homa ya matumbo Januari 1901, lakini magonjwa hayachagui mtaa kwa rangi, wao ndo walichagua. Utengano huo ulilegea baada ya mapinduzi ya 1911, pale wakubwa wa utawala wa Qing walipokimbilia Qingdao na hela zao, wakiwemo watu wa ukoo wa kifalme, ndo ghafla Mchina akaonekana anafaa kukaa kule mbele.

Mtu wa huku kwetu hapa lazima ajiulize, mbona Mjerumani huyo huyo Afrika Mashariki hakuleta kitu kama hiki? Miaka ni ile ile. Amri ya Novemba 1895 ilisema ardhi yote isiyo na mwenyewe ndani ya koloni ni mali ya dola, na anayeamua kama ina mwenyewe au haina ni Mjerumani, kwahiyo Usambara na kwingineko mashamba makubwa yakakatwa bila hata zile hela kiduchu za kodi ya miaka miwili. Na 1898, mwaka ule ule wa Schrameier, huku ikaanza kodi ya kibanda, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida, iwe ardhi yako ina thamani au haina. Qingdao wanatoza ardhi wanaacha nyumba, huku wanatoza nyumba ya udongo na miti. Kodi hiyo pamoja na kazi za lazima za mashamba ya pamba ndo vitu vilivyokuwa vinachemka watu walipoamka kwenye Maji Maji 1905.

Jibu mojawapo ni kwamba mabosi walikuwa tofauti. Qingdao haikuwa chini ya idara ya makoloni, ilikuwa chini ya Tirpitz na ofisi yake ya jeshi la majini. Tirpitz alikuwa anaomba bunge la Berlin mabilioni ya kujenga meli za kivita na alihitaji dirisha la duka, mahali pa kuonyesha kwamba wanamaji wanaweza kuendesha mji kuliko makarani wa makoloni. Kashfa ya viwanja vilivyolanguliwa na maofisa ingemharibia. Na pia Shandong palikuwa na dola, ina hati, ina rejista ya kodi, kila kipande kina jina la mlipaji, usingeweza kusimama ukasema haya mashamba hayana mwenyewe. Sio kwamba Mjerumani wa Qingdao alikuwa na roho nzuri kuliko wa Tanga.

Hapa niseme kidogo kuhusu ile miaka 99, maana bado inatisha watu. Mkataba wa 1898 ulitakiwa uishe 1997, mwaka ule ule Waingereza walipoondoka Hong Kong. Wajerumani hawakufika hata 17. Agosti 1914 Japani ikatoa onyo la mwisho, ikazingira mji pamoja na kikosi cha Waingereza, na tarehe 7 Novemba gavana Meyer-Waldeck akasalimu amri. Manowari Emden ilikuwa ya kituo hicho hicho cha Qingdao, ikaenda kufia visiwa vya Cocos siku mbili baadaye, wakati mwenzake Königsberg akiwa amejificha Rufiji. Kwenye mkutano wa amani wa Versailles 1919 wakubwa wakaamua haki za Mjerumani Shandong zihamie kwa Mjapani badala ya kurudi kwa wenyewe, wanafunzi wa Beijing wakaingia barabarani tarehe 4 Mei, na China ikarudishiwa mji Desemba 1922. Bei za viwanja muda wote huo zilikuwa zinaamuliwa na mizinga zaidi kuliko na Schrameier.

Sheria yenyewe ndo ilisafiri. Ujerumani, Frankfurt ilianza kutoza faida ya ardhi 1904, miji mingine ikafuata, na 1911 ikawa sheria ya dola nzima. Ikadumu miaka miwili. 1913 serikali kuu ikaachia sehemu yake kwa sababu makusanyo yalikuwa hafifu, hesabu ngumu, na wenye ardhi walikuwa na wabunge wao. Hapo ndo nasema Qingdao sio ushahidi mzuri sana. Kule hakukuwa na mwenye ardhi anayepiga kura. Ukimwondoa mwenye ardhi wa zamani kwa manowari na ukaanza na karatasi tupu, kila mnunuzi anakuja akiwa anajua masharti na amekubali kabla ya kutoa hela. Mwenye kiwanja cha babu yake Berlin hakukubali chochote.

Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi ya China, yeye alikuwa na wazo hilo tayari, alimsoma Mmarekani Henry George aliyetetea kodi ya ardhi, na usawa wa haki za ardhi ulikuwa kwenye ajenda yake tangu 1905. Alifika Qingdao 1912 akausifia mji waziwazi. Miaka 12 baadaye Schrameier, sasa mzee, akaitwa Guangzhou kuishauri serikali yake juu ya ardhi. Sun akafariki Machi 1925, Schrameier akafia huko huko Guangzhou 1926, na vita vikaendelea. Kilichobaki kikaishia kwenye katiba ya Jamhuri ya China ya 1947, ibara ya 143, kwamba ongezeko la thamani ya ardhi lisilotokana na kazi wala mtaji wa mwenyewe litozwe kodi na liwanufaishe wananchi.

Taiwan, wanaotumia katiba hiyo hiyo, waliitunga kabisa sheria ya ardhi ya miji 1954, na mtego wa Schrameier ukiwemo ndani: taja mwenyewe thamani ya kiwanja chako, ukitaja ndogo serikali inaweza kukinunua kwa hiyo hiyo. Kodi ya faida ya ardhi ipo mpaka leo, asilimia 20, 30 na 40 kadiri ongezeko linavyokuwa kubwa, kwenye karatasi kiwango chake cha juu ni kikali kuliko cha Qingdao. Ila siku hizi inahesabiwa kwa thamani inayotangazwa na serikali kila mwaka, sio bei uliyouzia, na hiyo thamani iko chini ya bei ya soko. Viwanja Taipei vina wenyewe, na wenyewe wanapiga kura.